Bwawa Nililolisugua

11 Aprili

Daftari hili si langu. Ni la mke wangu Rowena, na kabla ya ukurasa huu kuna miaka kumi na tisa ya mwandiko wake mdogo uliosimama wima, yote ikihusu bwawa lililo nyuma ya nyumba yetu. Bwawa lenyewe si kubwa, watu wawili wakilala chali miguu kwa miguu wamelimaliza. Rowena amelazwa hospitalini, hii ni wiki ya tatu. Jana aliniambia, "Mervyn, niendelezee daftari langu. Andika unachokiona. Unachokifikiria kaa nacho."

Basi ninachokiona ni maji ya rangi ya chai iliyosahaulika mezani, na chura mmoja anayenitazama kana kwamba nimeingia kwake bila kubisha hodi.

12 Aprili

Mvua. Sijatoka.

15 Aprili

Viluwiluwi wengi, sijawahesabu. Majani makavu ya mwaka jana yamezama. Kuna uzi-uzi wa kijani umetanda upande wa uzio, kama sufu iliyolowa. Nimekuwa fundi wa mabasi miaka thelathini na nane na naijua hali ya kitu kilichoachwa bila matengenezo. Alipolichimba bwawa hili nilijitolea kumfungia pampu na chujio. Akakataa. Hakutaka hata samaki. Alisema litajiendesha lenyewe. Mimi sijawahi kufungua kitu chochote nikakuta kinajiendesha chenyewe.

Clive Beddoes, jirani yetu, ameniita kutoka ng'ambo ya uzio kuniambia vyura wake wametaga mara mbili. Nikamwambia nampa hongera. Huyu bwana anaweza kuzungumza juu ya chura mpaka birika likaungua. Yeye na Rowena husimama hapo kwenye uzio nusu saa nzima, na mimi nabaki jikoni naangalia migongo yao.

18 Aprili

Daktari amenikalisha kwenye kiti, nami nikajua, maana hawakukalishi kwa habari nzuri. Rowena amekataa duru nyingine ya matibabu. Atarudi nyumbani tarehe ishirini na nne. Wiki tano, alisema daktari, huenda sita.

Rowena alikuwa ametulia kuliko mimi. "Kitanda mkiweke chini, sebuleni, pale dirishani," alisema. "Nataka kuwaona kereng'ende wakitoka majini. Huwa ni mwisho wa Mei. Nikifika hapo nitakuwa nimeshiba."

"Utafika," nikamwambia.

"Wewe si daktari, mzee. Wewe lete tu kitanda."

Kwenye basi la kurudi nikawaza: atalala pale dirishani akiangalia yale maji machafu, na hayo ndiyo yatakuwa mambo ya mwisho kuyaona. Haiwezekani. Siwezi kumtengeneza yeye. Bwawa naliweza.

19 Aprili

Nimechoka lakini nimeridhika, na lazima niandike. Nimeazima pampu kwenye karakana yangu ya zamani, nikawahamishia vyura na viluwiluwi kwenye beseni kubwa, nikayanyonya maji yote. Chini kulikuwa na matope ya kina cha kiganja, meusi, yananuka kama mayai. Ndani yake mlijaa wadudu wa kahawia wenye miguu mirefu, wabaya wa sura, wamejipaka tope kama wezi. Nikakomba vyote kwa koleo. Toroli kumi na nne. Nimemwaga kwenye shimo la kupandia maharagwe huko mwisho wa bustani, maharagwe yatafurahi.

Kisha nikaingia ndani na brashi ya sakafu nikalisugua turubai lote lililotandikwa bwawani, pembe kwa pembe, mpaka likang'aa kama tairi jipya. Nikalijaza kwa mpira wa maji ya bomba, alasiri nzima. Vyura na viluwiluwi nimewarudisha. Clive yuko kwa dada yake Aberystwyth, na ninashukuru, maana angekuwa ameegemea uzio siku nzima ananifundisha kazi.

Maji sasa ni meupe. Unaona mpaka chini. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimekula chakula nikakimaliza.

20 Aprili

Mgongo. Mikono imejaa malengelenge.

24 Aprili

Amerudi. Wabebaji wawili wamemwingiza kwa machela, akiwa mwepesi kiasi cha kunitia hofu. Walipomlaza dirishani aligeuza uso akatazama nje. Miti ya miiba imechanua maua meupe, maua ya manjano ya ukingoni yanataka kufunguka, na katikati bwawa linang'aa kama kioo.

Akatazama muda mrefu.

"Umefanya kazi," alisema.

"Kidogo tu."

Akauchukua mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akayapapasa malengelenge kwa kidole gumba. Nadhani alifurahi.

26 Aprili

Analala sana, akiwa ameelekea ukutani. Muuguzi Carys, anayekuja kila asubuhi, amesema ni dawa. Pia amesema chai yangu inafaa kupaka uzio.

28 Aprili

Clive amerudi. Nilikuwa naanika shuka alipokuja kwenye uzio, akatazama bwawa, akafunga mdomo. Sijawahi kumwona Clive Beddoes amefunga mdomo.

"Umelisugua?" aliniuliza mwishoni.

"Nimelisugua."

"Kwa brashi?"

"Kwa brashi, ndiyo. Ulitaka nitumie mswaki?"

"Na matope, Mervyn. Matope umeyapeleka wapi?"

Nikamwonyesha shimo la maharagwe. Akavua kofia akasimama nayo mkononi kama mtu aliyefika msibani. Kisha akanieleza, taratibu, bila kunidharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wale wadudu wabaya wa kahawia ndio kereng'ende. Wanaishi matopeni miaka miwili, hata mitatu, kabla ya kupanda juu na kuota mbawa. Wale wa Mei hii walikuwa mle. Wa Mei ijayo nao walikuwa mle.

Nikaenda shimoni nikafukua kwa mikono. Matope yalikuwa yamekauka, yamepasuka. Nimempata mmoja. Alikuwa mwepesi kama ganda la karanga.

29 Aprili

Rowena ameulizia daftari lake. Nimesema sijui nimeliweka wapi. Limo ndani ya kabati la zana, chini ya mifuko ya sandarusi, na humo ndimo linamorudi nikimaliza kuandika hii. Miaka arobaini na sita ya ndoa na sikumbuki kumwambia uongo mkubwa kuliko huu.

2 Mei

Nilikaa kando yake nikiwa nimeshapanga maneno. Nikamwambia kwamba mvua inakuja.

4 Mei

Maji yameanza kugeuka. Asubuhi yalikuwa na wingu dogo, jioni yamekuwa kijani. Clive amesema ni maji ya bomba, na kwamba hakuna kilichobaki mle cha kuula ukijani unaoota. Nimemuuliza dawa ni nini. Akasema, "Subira, jirani." Nilitaka kumrushia pegi za nguo.

5 Mei

Kijani.

7 Mei

Clive amekuja asubuhi Rowena akiwa bado amelala, amebeba ndoo mbili akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Matope ya bwawa lake, majani yake, konokono, na wale wabaya wa kahawia wanane. Aliwahesabu.

"Hii si zawadi," alisema. "Narudisha tu. Miaka saba iliyopita bwawa langu lilikuwa shimo lenye maji. Mkeo alivuka na ndoo moja ya matope haya, akamwaga, akaniambia, Clive, sasa toa mikono yako. Unajua mabwawa mangapi kijijini hapa yameanza na ndoo yake?"

Sikujua. Ni kumi na moja, pamoja na la shule. Nilidhani anapotoka na ndoo anakwenda kumwagilia maua ya kanisani.

Akamimina polepole ukingoni. Nimemkaribisha ndani. Amekunywa ile chai yote bila kukunja uso, nami nikaona kwamba huenda nimemhukumu vibaya.

10 Mei

Binti yetu Janine amekuja kutoka Leeds na chupa ya dawa ya kusafisha maji. "Baba, kifuniko kimoja tu, siku mbili maji meupe. Mama anaangalia supu ya njegere, kweli hata aibu hamna?" Chupa ina picha ya bwawa la bluu.

Rowena akasema kutoka kitandani, macho yamefumbwa, "Asiliguse mtu."

"Mama, halipendezi."

"Na mimi sipendezi. Utanitilia kifuniko kimoja?"

Janine akaenda jikoni kulia. Chupa nimeiweka kabatini, karibu na daftari.

Niandike na hili pia, maana naona nikianza kuficha sitaacha. Juzi nimepiga simu hospitalini. Nimewaambia Rowena amebadili mawazo, anataka matibabu. Wamempa miadi.

14 Mei

Gari la hospitali limefika saa tatu asubuhi. Dereva, kijana wa watu mwenye adabu, amesimama mlangoni na karatasi.

"Nimemfuata Bi Rowena Pugh. Ana miadi saa tano."

"Miadi gani?" Rowena aliuliza kutoka dirishani.

Dereva akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Nitakuwa nje kidogo," alisema, akaufunga mlango nyuma yake polepole sana.

"Umewapigia simu," Rowena alisema.

"Kuna dawa nyingine. Daktari mwenyewe alisema inaweza kujaribiwa. Mara moja tu, Rowena, ukiona haifai basi."

"Nilishakataa."

"Ulikataa ukiwa umechoka."

"Nilikataa nikiwa na akili zangu zote, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu umeshika mkoba wangu." Alijiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hajaliweza tangu arudi. "Bwawa umelifungua, Mervyn. Mimi usinifungue."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulijua?"

"Bwawa langu halijang'aa hata siku moja katika miaka kumi na tisa. Nilijua kabla hawajaniteremsha kwenye machela."

"Mbona hukusema?"

"Mikono yako ilikuwa na malengelenge." Akavuta pumzi. "Usidhani sikukasirika. Siku nne nilikuwa nalala nikiangalia ukuta. Wewe na Carys mkasema ni dawa. Haikuwa dawa. Nilikuwa siwezi kukutazama."

Nikalia, na sioni sababu ya kuficha, maana daftari ni lake. Nikamwambia kuhusu toroli kumi na nne, shimo la maharagwe, na yule mmoja mkavu. Nikamwambia nilitaka tu aone kitu kizuri.

"Kilikuwepo," alisema. "Ulikikomba kwa koleo."

"Nifanye nini sasa?"

"Hilo ndilo swali lako siku zote. Usifanye kitu. Kaa hapa."

"Na wewe ukiondoka?"

"Hapo pia utakaa."

Nikatoka kumwambia dereva arudi zake. Aliniambia mama yake alifanya vivyo hivyo mwaka juzi, alikataa, na kwamba yeye alimnunia mpaka mwisho na sasa anajuta. Kisha akawasha gari. Niliporudi ndani Rowena aliniambia, "Na daftari langu ulitoe huko kwenye zana. Nimekusikia ukifungua lile kabati kila jioni, bawaba zinalia. Fundi mzima."

15 Mei

*Maji kijani kibichi, chini hakuonekani. Konokono wawili ukingoni. Mbayuwayu wamerudi. Nimesoma yote kuanzia tarehe 11 Aprili. Mume wangu anaandika anachokifikiria ingawa nilimkataza, na sasa nafurahi hakunisikia. Leo amekaa nusu saa nzima bila kusimama. R.*

16 Mei

Kijani. Tumekaa.

17 Mei

Kijani. Carys alikaa nasi akala biskuti tatu. Anasema bwawa linamkumbusha sweta la shangazi yake.

18 Mei

Kijani. Mvua usiku. Rowena alimeza vijiko viwili vya supu.

19 Mei

Kijani. Nilimuuliza kama inamwuma kuyaona maji hivyo. Akasema kijani ni kiumbe anayekula, na atakuja wa kumla huyo, na mwingine wa kumla huyo wa pili, kisha watashikana mikono wote na maji yatafunguka. "Kila mmoja amsubiri mwenzake tu," alisema. Nilimuuliza itachukua muda gani. Akasema muda wake.

Nimekaa naye saa mbili. Sikuinuka hata kuzima birika, alilizima Clive.

20 Mei

Kijani. Hajala.

21 Mei

Kijani. Carys ameongeza dozi ya maumivu. Ameniita kando akaniambia sio wiki tena, ni siku. Nikarudi nikakaa.

23 Mei

Clive ameligonga dirisha saa kumi na mbili asubuhi bado yuko na nguo za kulalia. "Mmoja anapanda," alisema. "Kwenye jani la tatu kutoka kushoto."

Rowena alikuwa macho. Hatukuuliza mtu ruhusa. Nilimfunga mablanketi mawili, tukamweka kwenye kiti cha magurudumu, Clive akashika mbele mimi nyuma, tukapita juu ya nyasi zenye umande mpaka ukingoni.

Alikuwa pale, mmoja wa wale wabaya wa kahawia, ameng'ang'ania jani la ua la manjano, shubiri moja juu ya maji. Hakujongea. Kisha mgongo ukapasuka, kichwa kikatoka, kimepauka, macho makubwa. Akaning'inia kichwa chini muda mrefu mpaka nikadhani amekufa. Rowena alikuwa anapumua kwa shida, lakini hakuyaondoa macho pale. Baadaye yule mdudu akajikunja juu, akalishika ganda lake mwenyewe, akauvuta mkia nje. Mbawa zilikuwa kama karatasi iliyofinyangwa mfukoni.

Zikaanza kunyooka. Tatu zikanyooka. Wa nne ukakwama kwenye kona ya ganda.

Nikanyoosha mkono. Kidole changu kilikuwa karibu kabisa, ningeweza kuusukuma tu, hata asingejua. Rowena hakuwa akimtazama tena kereng'ende. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nikaurudisha mkono mfukoni.

Ilichukua karibu saa nzima. Ule ubawa wa nne ukajichomoa wenyewe, ukanyooka, lakini umebaki na mkunjo mdogo kwenye ncha yake.

"Rowena," nikasema, maana nilitaka kulisema kwa mdomo wangu, "huyu si wako. Ni wa Clive. Alileta ndoo."

"Najua alileta ndoo, nimesoma, na dirisha halina pazia." Sauti ilikuwa ndogo, ilinibidi niiname. "Bibi yake huyu alizaliwa hapa. Amerudi kwao."

Jua lilipofika kwenye jani akatetemesha mbawa zote nne, akaruka na mkunjo wake, akapita juu ya uzio upande wa Clive. Rowena alicheka, nusu ni kikohozi. Hata nikikaa miaka mingine ishirini sitasahau kicheko hicho.

Ganda nimeliweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali anapoliona.

24 Mei

Kijani. Amelala siku nzima, ameelekea dirishani.

27 Mei

Kijani. Janine amekuja.

29 Mei

Rowena amefariki leo saa nane mchana. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa nimekaa.

30 Mei

Kijani.

6 Juni

Tumemzika. Kanisa lilijaa watu ambao sikujua wanamfahamu, na mlangoni walinishika mkono mmoja mmoja wakaniambia mambo ya mabwawa yao. Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau aliniambia chura wake anaitwa Mervyn. "Mkeo ndiye aliyempa jina. Alisema hatulii mahali pamoja." Nilicheka mbele ya jeneza. Natumaini haikuwa dhambi.

Janine ameondoka jioni. Nyumba ni kubwa mno. Namkosa mpaka meno yananiuma.

9 Juni

Kijani, na kijani zaidi ya jana. Leo sikuweza kuvumilia. Nimeitoa ile chupa kabatini, nikaenda nayo mpaka ukingoni, nikafungua kifuniko. Ina harufu ya bafu la hoteli. Nilisema kwa sauti, peke yangu bustanini, "Nimesubiri vya kutosha." Chura akatumbukia majini.

Nikafunga kifuniko. Nikaleta kiti chake, nikakaa. Baada ya muda Clive akaruka uzio na kiti chake akaketi upande wa pili. Hakuzungumza juu ya chura. Hakuzungumza juu ya chochote.

10 Juni

Kijani.

11 Juni

Kijani. Mvua.

12 Juni

Kijani, lakini nimeliona shina la ua la manjano mpaka chini ya maji kidogo. Nisijidanganye.

14 Juni

Maji yamefunguka. Chini kunaonekana: tope jembamba, majani mawili, konokono saba, viluwiluwi wameota miguu ya nyuma. Mmoja wa kahawia, mdogo sana, amejipaka tope kando ya jiwe. Kereng'ende wawili juu ya maji. Upepo hakuna. Sijagusa kitu.

Ninachokifikiria nakaa nacho.